Vanishi Juu ya Kaburi la Babu



Vijana wenzangu, tulipomzika babu hapa Ipililo tuliweka jiwe lenye jina lake, nami nikalipaka vanishi mara mbili. Liling'aa mpaka majirani wakasifu. Ila wiki ileile nilikuwa nimekorofishana na baba mdogo juu ya gharama za msiba, na hilo sikuligusa.

Mwaka wa tatu nilirudi likizo. Jamani! Vanishi ilikuwa ya njano, imepasuka, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Jina la babu halisomeki vizuri.

Kwa nini? Vanishi ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Miale ya jua huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, mpaka vanishi inakakamaa. Jiwe likipanuka mchana na kusinyaa usiku, yenyewe inashindwa kulifuata, inapasuka. Mvua inaingia kwenye nyufa, na unyevu mwingine unapanda kutoka ardhini. Maji yanatafuta pa kutokea, hayapaoni. Chumvi iliyomo inaganda chini ya vanishi na kuibandua, wakati mwingine pamoja na vipande vya jiwe.

Hata wataalamu yamewakuta. Mwaka 1978 kule Laetoli, Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za miaka milioni 3.6 kwenye jivu la volkano. Ili kuziimarisha wakazipaka akriliki iitwayo Bedacryl. Zilipofunguliwa tena miaka ya 1990, palipopakwa palikuwa pamekuwa peusi. Mwishowe zilifukiwa tena, kwa sababu udongo ndio uliozitunza muda wote huo.

Sasa, Yesu aliwafananisha Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa (Mt 23:27). Mimi nilidhani anawasema wao. Kumbe ananisema mimi, frateri mwenye digrii ya falsafa, ninayesalisha rozari jumuiyani huku simsalimii baba mdogo. Uzuri wangu wa nje haukuponya kitu. Ulifungia unyevu ndani.

Kijana, sala, kanzu na picha nzuri mtandaoni si vibaya. Ila vikipakwa juu ya kinyongo, havidumu. Kitubio hakiongezi tabaka jingine juu. Kinabandua la zamani, roho ipate kupumua.

Jumamosi nilikwenda kwake. "Shikamoo baba mdogo." Akanyamaza muda mrefu. "Marahaba." Nikamwomba msamaha. Hakujibu neno, akasogeza kigoda, akauliza, "Umekula?" Hatujamaliza yote, ila jioni tulikuwa wawili kaburini na ndoo ya maji, tukibandua vanishi taratibu kwa kucha na kijiti.

Wiki hii, kabla ya kwenda Komunyo, mtafute mmoja uliyempakia vanishi. Mwanzie salamu tu.

Bwana, utubandue yaliyooza, utuache tupumue. Amina.