Mtahiniwa, Zima Taa Ukalale!

Novemba inabisha hodi, na mtihani wa kidato cha nne unakusubiri. Najua unavyopiga msuli. Wenzako wanakoroma, wewe miguu umeitumbukiza kwenye beseni la maji baridi, kahawa iko pembeni, unakomaa na baiolojia mpaka majogoo. Moyo huo nauheshimu, na kwa sababu nauheshimu nakuambia: funga daftari, kalale!

Kulala ni sehemu ya kusoma. Unachojifunza mchana hupokelewa kwanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Ukiwa usingizini, ubongo huyapitia upya masomo hayo na kuyaimarisha yakae kichwani. Ukikesha, kazi hiyo inakwama, na kesho yake ubongo uliochoka unashindwa kupokea mapya. Ndipo unarudia ukurasa uleule mara tatu na hakuna kinachoshika. Usijiite mjinga! Umechoka.

Kahawa nayo haikuokoi. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana ubongoni na kukuletea usingizi. Kafeini iliyomo kwenye kahawa huzuia ubongo usiihisi, lakini haiiondoi. Dawa yake ni kulala.

Mwaka 1997, watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huzorota katika majaribio kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: ukiamka saa 11 alfajiri, saa hizo 17 zinatimia saa 4 usiku! Ukikesha mpaka alfajiri nyingine, hali inafanana na asilimia 0.10. Je, utakubali kuingia chumba cha mtihani kama mlevi?

Wala usijidanganye kwamba umezoea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watafiti wa Marekani waliwalaza watu kwa muda wa saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka kama wa watu waliokesha, lakini wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu.

Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Basi soma kwa bidii mchana na jioni, panda kitandani saa 3 usiku, amka saa 11 ujipime kwa maswali ya jana. Walimu na wazazi, msiwasifu wanaokesha. Walindieni watoto usiku wao.

Jasho lako lina thamani. Usiliache lipotee kwa kukosa usingizi. Lala leo, kesho ukapambane kwa akili yako yote!