Mizani ya Mfanyakazi

Ndugu msomaji, huenda wewe ni karani wa ghala huko Handeni, au mnyapara wa shamba la mkonge upande wa Korogwe. Asubuhi moja umeitwa ofisini ukapewa barua isemayo kwamba kazi yako hairidhishi, umepewa miezi mitatu ya kujirekebisha, na ukishindwa utaachishwa. Umeikunja barua ukaitia mfukoni, na nyumbani hukumwambia mkeo neno. Usiku usingizi umekuruka. Mara moyo wasema: Nimeonewa. Mara wasema: Mimi si kitu.

Kauli zote mbili ni za haraka, maana hujapima bado.

Katika Kurani Tukufu, sura ya 83, Mwenyezi Mungu anawaonya vikali wapunjao vipimo: wakipokea hudai kijazo kamili, wakitoa hupunguza. Tuisomapo sura hii humfikiria muuza mahindi mwenye pishi iliyobonyea. Lakini mshahara nao ni kipimo, na saa za kazi ni kipimo. Basi jipimie mwenyewe kabla hujampimia bosi wako. Je, ulifika kwa wakati? Je, hesabu ulizoandika ulizihakiki, au ulizikisia? Haya yajibu mbele ya Mungu, ambaye hadanganyiki kwa barua ya utetezi.

Katika sura ya 28 twasoma habari za Nabii Musa a.s. alipokuwa mgeni Madyani. Binti aliyemwombea kazi kwa babaye alimsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Yaangalie vizuri. Nguvu, yaani uwezo wa kazi, yaweza kupungua kwa ugonjwa au kwa kukosa mafunzo, nayo hupatikana kwa kujifunza. Uaminifu hauhitaji miezi mitatu. Waweza kuanza leo. Aliyepungukiwa na uwezo asione haya kusema: Nifundisheni.

Hata hivyo, mizani ina pande mbili. Zama za ukoloni, manamba wa mashamba ya mkonge alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyotimiza kazi yake ilitiwa alama. Asiyotimiza haikuhesabiwa, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Kipande hakikuuliza kama mtu alikuwa na homa, wala kama kisu chake kilikuwa butu.

Leo sheria yauliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mwajiri awe na sababu ya haki, na afuate utaratibu wa haki, kabla ya kumwachisha mtu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zaongeza kwamba mwajiri achunguze chanzo cha upungufu, atoe mwongozo, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kabla ya uamuzi wa mwisho hufanywa kikao, na mfanyakazi aweza kufuatana na mwenzake au mwakilishi wa chama chake. Akiachishwa isivyo haki, ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Basi ufanyeje? Usiende kwa mganga kumfunga msimamizi wako. Hiyo ni shirki, na hesabu za ghala hazitanyooka kwa hirizi. Mwendee msimamizi kwa adabu, umwulize: Ni kazi ipi iliyopungua, kwa kipimo gani, na mtanisaidiaje? Majibu yaandike. Kila wiki mwombe atazame ulipofikia, nawe weka nakala. Kisha umwambie mkeo. Mzigo wa nyumba haubebwi na mmoja gizani. Na usiku uamke usali, umwombe Mungu akupe nguvu ya kutimiza, wala si ya kulipiza kisasi.

Huenda miezi hiyo ikaisha ukabaki kazini, au ukaondoka. Ukiondoka hali umetimiza kipimo chako, umepoteza kazi, lakini hukupoteza uaminifu, na Mwenye kuruzuku hajafunga mlango Wake. Ukibaki kwa hila, mshahara utakaoupokea utakushitaki.

Mwenyezi Mungu atujalie kutimiza vipimo, sisi tuajiriwao na wale watuajirio. Amin.