Kasoro Iliyojificha Ndani ya Silinda

Kompresheni ni mbano wa hewa na mafuta ndani ya silinda, pistoni inapopanda kabla ya plagi kutoa cheche. Injini ya boti ya kupachika ikichakaa, ringi huliwa, ukuta wa silinda huchunika, na mbano huo huvuja pasipo jicho kuona. Rangi yaweza kuwa mpya, kamba ikavutwa mara moja injini ikawaka, ikanguruma vizuri ufukweni isikobeba mzigo wowote. Ndipo linapozuka suala ambalo wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walilijadili karne nyingi kabla ya petroli: muuzaji anawajibika kwa kiasi gani na kasoro iliyojificha, na je, kutoijua ni udhuru iwapo geji moja na muda mfupi vingetosha kuifichua?

Kipimo chenyewe hakina makuu. Injini huwashwa ipate joto, ikazimwa. Plagi zote hufunguliwa, si ile ya silinda inayopimwa tu, ili krenki izunguke kwa wepesi; waya zake huunganishwa na chuma cha injini zisije zikarusha cheche penye mvuke wa petroli. Aksileta hufunguliwa mpaka mwisho. Geji hukazwa kwenye tundu la plagi, kamba huvutwa kwa nguvu ileile mpaka mshale ugome kupanda, kisha silinda inayofuata. Injini nyingi kuukuu za kuchanganya oili na petroli, zikiwa nzima, huonyesha pauni mia moja na ushei kwa inchi ya mraba, kutegemea modeli. Lakini namba moja peke yake haisemi mengi. Geji hazilingani, na mkono uliochoka hushusha vipimo vyote. Kinachosema kweli ni tofauti: silinda moja ikitoa 115 na jirani yake 80, pana ugonjwa.

Hapa fundi na fakihi wanakaribiana kuliko mtu angetarajia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj al-Talibin, mojawapo ya vitabu vinavyotegemewa na Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Waislamu wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki. Humo kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni ile inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake, ikaharibu lengo la haki la mnunuzi, kwa sharti kwamba bidhaa za aina hiyo kwa kawaida huwa hazina upungufu huo. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Anayenunua injini ya miaka ishirini hawezi kulalamika kwamba si mpya. Uchakavu uliogawanyika sawa katika silinda zote ni umri, na umri umo ndani ya bei. Silinda moja iliyoanguka wakati wenzake wamesimama si umri tena. Kwa maneno mengine, geji hutenganisha yale yale ambayo sheria inataka yatenganishwe.

Upo ugumu katika hatua ya pili ya kipimo. Silinda ikisoma chini, fundi humimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Namba ikipanda, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi au ukuta wa silinda ndio mbovu. Isipopanda, hushukiwa gasketi ya silinda hedi au pistoni iliyotoboka. (Silinda za injini ya kupachika hulala, oili hukusanyika upande mmoja, kwa hiyo jibu si la kuaminiwa kama la gari.) Sasa kijiko hichohicho kikimiminwa kimyakimya, kabla mnunuzi hajafika na geji yake, injini mbovu itasoma kama nzima kwa muda wa mapatano. Mtume Muhammad alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo ili maziwa yajae na mnunuzi adhani mnyama ni wa maziwa mengi. Aliyedanganywa hivyo alipewa hiari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Oili ya siri ni kiwele kilichofungwa. Kitendo ni kimoja, na kinachokigeuza kutoka uchunguzi kuwa ghushi si mkono wala oili, ni nani ameambiwa.

Je, muuzaji asiyepima kabisa? Fikihi hutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Haki ya mnunuzi kurudisha haitegemei muuzaji alijua au hakujua. Inatosha kwamba kasoro ilikuwepo kabla ya makabidhiano. Dhambi ndiyo inayotegemea kujua. Kwa hiyo kukwepa geji hakumfaidii muuzaji kitu mbele ya kadhi. Mbele ya Mungu hoja ni nyembamba zaidi, lakini anayeacha kupima kwa kuwa anahofia atakachokiona tayari ana shaka, na kuinyamazia shaka hiyo ni vigumu kuita ujinga.

Wengine hukimbilia sharti: nauza kama ilivyo, sidaiwi kasoro yoyote. Minhaj inalipokea sharti hili kwa ufinyu. Linamwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, na si zaidi ya hapo, kwa hoja kwamba mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na ni nadra kukosa kasoro iliyofichika. Injini nayo ina tumbo lisiloonekana, na sili za krenki zikivuja geji ya kompresheni haitasema lolote. Hata hivyo kuilinganisha na mnyama ni kuitetea kupita kiasi: mnyama hafunguliwi akabaki hai, injini hufunguliwa ikafungwa.

Wajibu haukomi kwa muuzaji. Kwa Mashafii, mtu wa kando aliyeijua kasoro naye hulazimika kumweleza mnunuzi. Fundi aliyepima wiki iliyopita, akaona 80, kisha akasimama pembeni mapatano yakiendelea, hawezi kujitetea kwamba injini si yake. Hukumu hii huwaelemea mafundi wa mitaa midogo, ambao muuzaji ni mteja wao wa kesho, na labda ndiyo sababu haitajwi sana.

Mnunuzi naye amewekewa mipaka. Akishaigundua kasoro hurudisha bila kuchelewa, na hutakiwa kuacha kuitumia. Anayepima asubuhi, akaenda kuvua usiku, kisha akadai fedha zake, ameridhia. Injini ikipata kasoro mpya mikononi mwake, tuseme imeungua kwa kukosa maji ya kupoozea, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuipokea, ila hulipwa fidia ya kasoro ya zamani wasipopatana vingine. Fidia hukadiriwa kwa uwiano: ikiwa kasoro ile inashusha thamani ya injini nzima kwa sehemu moja ya kumi, mnunuzi hurejeshewa sehemu moja ya kumi ya bei aliyolipa.