Jina na Kitambaa



Kuna dada anafungua chumba cha yoga. Sakafu imesuguliwa. Mikeka imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Kibao cha mlangoni bado kitupu. Kila shoga yake ana pendekezo. Huyu anataka jina la Kihindi, kwa kuwa yoga ilitoka huko. Yule anataka la Kizungu, livute watalii. Mama yake anataka jina ambalo hata jirani ataweza kulitamka.

Sasa, msikilizaji, twende Mtaa wa Biashara, pale Mombasa. Tazama wanawake wanavyonunua leso. Kwanza wanasoma jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso. Jina likiwagusa, wanasimama. Jina likichoma, wanacheka. Kisha mkono unashuka kwenye kitambaa. Unapapasa. Unavuta. Na swali linafuata: haichuji hii?

Jina humsimamisha mteja. Kitambaa ndicho humrudisha. Leso ikichuja siku ya kwanza kufuliwa, jina tamu haliiokoi.

Basi dada, chagua jina. Liwe fupi. Litamkike. Lisiahidi usichonacho. Ukipaita Utulivu, basi mgeni aukute utulivu. Amkute mwalimu asiyemharakisha mtu. Mzee mwenye magoti mabovu apewe kiti, na asichekwe.

Na wewe unayeelekea kazini, jina unalo tayari. Fundi. Mwalimu. Muuguzi. Mama mboga. Watu wamekwisha kulisoma. Leo watapapasa kitambaa.

Jina lako limeshaahidi. Leo, kazi yako itimize.