Ndumilakuwili na Nia Yake

Nyoka aitwaye ndumilakuwili, ambaye wakulima wa Tanga humfukua kwa jembe, husingiziwa kuwa na vinywa viwili, ilhali anacho kimoja tu, na mkia wake butu umefananishwa na kichwa kwa hikima ya Muumba ili adui apotewe na mahali pa kupiga. Hana sumu wala inda. Binadamu tuliyempachika jina lake ndiye mwenye vyote viwili.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimhesabu mwenye nyuso mbili, awaendeaye hawa kwa uso huu na wale kwa uso ule, katika watu walio waovu kabisa. Lakini Suratu Nnahl yamvua lawama aliyeshurutishwa kutamka kufuru hali moyo wake umetulia katika imani, na wafasiri wengi humtaja hapo Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka. Basi mwenye kuhukumu (nasi barazani hatuchelei kumwita mtu mnafiki kwa kukosa mazishi tu) hana budi kuuliza kwanza uso wa pili ulivaliwa kutafuta nini.

Nyuso mbili za kutafuta mali pwani yetu imeziona: mwezi wa Aprili 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipatana na Sultani Khalifa bin Said kwamba itasimamia Mrima kwa jina lake na chini ya bendera yake. Ilipofika Pangani mwezi wa Agosti, ikataka bendera yake yenyewe ipandishwe, na liwali alipokataa, ikatumia nguvu. Kule Unguja Kampuni ilikuwa wakala. Huku Pangani ikawa mwenye mali. Vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Kampuni vilitoka humo, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889.

Ngumu zaidi ni hukumu ya maakida, wengi wao watu wa pwani, ambao Wajerumani waliwatuma kuamrisha vijiji, wakipeleka bomani maneno ya wenyeji na kwa wenyeji amri za boma. Aliyeipunguza ukali amri ile mdomoni mwake ili wazee wasifedheheke, kisha akairudishia boma jibu la adabu ambalo wazee hawakulitoa, huyo sithubutu kumwita ndumilakuwili, ingawa alisema maneno mawili. Bali yule aliyezidisha kodi kwa ajili ya fungu lake, kisha akakaa kuwalilia walipaji, simwonei udhuru. Kwani boma lilimshurutisha kutoza, halikumshurutisha kulia.