Shilingi 21 za Python

Python 3 ilipotoka Desemba 2008, waliounda lugha hiyo walifanya jambo ambalo waandishi wa programu huliogopa kama ukoma: walivunja ya zamani makusudi. Programu nyingi za Python 2 zisingefanya kazi tena bila kurekebishwa. Sababu zao zilikuwa nzuri tu. Lakini jamani, ukigundua umekosea, una haki ya kujisahihisha halafu walipie wale waliokuamini?

Mimi nilichelewa kuhama. Nilikuwa na programu ndogo ya kugawa faida ya kikundi chetu cha akiba. Inafanya kazi, niiguse ya nini? Na wenyewe walinipa kisingizio: Python 2 ilikuwa iachwe 2015, wakasogeza hadi 2020.

Nilipohama hatimaye, makosa ya wazi hayakunisumbua. Amri ya print sasa inataka mabano, na kompyuta yenyewe ikanionyesha mstari. Lililonitoa jasho ni lile lisilopiga kelele. Katika Python 2, 5 gawanya kwa 2 ni 2. Nusu inadondoka kimyakimya. Python 3 inasema 2.5. Sasa chukua shilingi 50,000 kwa wanachama 23. Zamani kila mmoja alipata 2,173, na shilingi 21 zikabaki sandukuni. Nani aliamua zibaki? Si kikundi. Si mimi, sikujua hata kama kuna la kuamua. Tuliona ni hesabu tu, na hesabu haibishaniwi.

Kwa hiyo hasira yangu imepungua, ingawa haijaisha. Wapo walioandikiwa programu na kijana ambaye siku hizi hapokei simu. Hao walivunjiwa na hawana fundi. Kwao sina jibu.

Dawa ya kurudisha mambo yalivyokuwa ni nyepesi: unaweka mikwaju miwili (//) badala ya mmoja. Kidole kilishafika kwenye kibodi. Nikakiondoa, nikapeleka suala mkutanoni.

Mweka hazina wetu, mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hiyo ulikuwa unatuamulia?”

Walibishania zile 21 kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kubishania faida yenyewe. Mwishowe wakasema zibaki sandukuni. Nikaandika mikwaju miwili.