Dalali wa Nyumba na Ujira Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeletewa suala moja katika darasa yetu, na kwa kuwa jambo lenyewe limeenea katika mitaa yetu tumeona si vyema kulijibu mbele ya watu kumi waliokuwapo kisha likafa papo hapo. Mwenye suala ni mwenzetu, na lililotokea lilimfika shangazi yake, mjane mwenye nyumba moja hapa Mombasa, aliyopewa na babake katika uhai wake. Bibi huyu alitaka kuiuza ahamie kwa bintiye Malindi, maana umri umekwenda na ngazi zimemshinda. Akaitwa dalali, mtu tumjuaye, aswaliye nasi. Dalali akamwuliza, "Wataka ngapi, mama?" Naye akajibu, "Nataka milioni tatu zifike mkononi mwangu."

Haukupita mwezi nyumba ikauzwa. Bibi akahisabiwa milioni zake tatu, akatia kidole kwenye mkataba ulioandikwa milioni tatu, akashukuru, na kwa radhi yake akamtolea dalali elfu hamsini katika fedha zake. Kisha akakutana arusini na mke wa mnunuzi. Katika mazungumzo yao likatoka neno, bila ya kukusudiwa, kwamba nyumba ile ilinunuliwa kwa milioni tatu na laki sita.

Dalali alipoulizwa hakukanusha. Alisema, "Yeye alitaka tatu mkononi, nami nimempa tatu mkononi. Kilicho juu ni jasho langu." Basi mwenzetu akauliza: Je, hizo laki sita ni halali yake? Na mwingine akadakia: Au iliyo salama ni mtu kuuza na kununua mwenyewe, asimwite dalali kabisa?

Twaanza na hilo la pili kwa neno moja, kisha tutalirudia. Kazi ya udalali si haramu, wala si kazi ya kudharauliwa. Qays bin Abi Gharaza, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amesimulia kwamba wao sokoni walikuwa wakiitwa masamsari, yaani madalali, mpaka Mtume (S.A.W.) akawapitia akawaita kwa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanya biashara, kisha akawaeleza kwamba biashara huingiwa na maneno ya upuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Tazameni: hakuwafukuza sokoni. Aliwapandisha cheo, kisha akawaonyesha mahali ambapo kazi yao huoza, nako ni katika ulimi. Na Imamu Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ujira wa dalali, akataja humo kwamba Ibn Sirin na Ata na Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira huo.

Sasa tuje kwenye laki sita. Dalali wetu si mjinga, na hoja yake ina kivuli cha asili. Katika mlango uo huo imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba hapana ubaya mtu kumwambia mwenziwe: uza nguo hii, na kitakachozidi juu ya kadha wa kadha ni chako. Na Ibn Sirin amesema kama hayo. Maulamaa walio wengi hawakulikubali, kwa sababu ujira huo haujulikani kadiri yake. Huenda ukawa shilingi moja, huenda ukawa laki sita, na ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi. Lakini tuseme twafuata kauli ya Ibn Abbas. Hata hiyo haimfai dalali huyu. Kauli ile ni ya mwenye mali aliyesema kwa ulimi wake, "Kitakachozidi ni chako." Bibi hakusema hivyo. Alisema anataka milioni tatu zimfikie, na maana ya neno hilo kwa kila mtu wa mji huu ni kwamba asipunguziwe hapo. Kutaja kikomo cha chini si kutoa zawadi ya kilicho juu.

Na lau dalali angesoma kisa cha Urwa al-Bariqi asingetuletea hoja hiyo. Mtume (S.A.W.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Angeweza kusema: umetaka mbuzi, mbuzi huyu hapa, na dinari ni jasho langu. Hakusema. Alivikabidhi vyote viwili kwa mwenyewe, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake, hata ikasemwa kwamba lau angenunua mchanga angepata faida. Dalali ni wakili, na wakili akiuza kwa zaidi ya alivyoagizwa, ziada ni ya aliyemwakilisha.

Tena kuna jambo ambalo wengi katika darasa hawakuliona mpaka tulipolichambua, nalo latusikitisha zaidi ya la dalali. Mnunuzi alijua. Yeye ndiye aliyetoa fedha kwa mafungu mawili, na yeye ndiye aliyekubali mkataba uandikwe milioni tatu. Kwa nini akubali? Kwa sababu ya ushuru wa stempu, ambao katika miji ni asilimia 4 ya thamani. Kwa kuficha laki sita aliokoa shilingi elfu ishirini na nne. Kwa elfu ishirini na nne alimpa dalali pazia la kumfichia mjane laki sita! Wako wasemao kwamba kodi ya serikali ni mambo mengine. Hatubishani nao leo. Lakini karatasi ile ni ushahidi, ina majina na mashahidi, na aliyeitia sahihi ameshuhudia jambo alijualo kuwa si kweli. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura ya Baqara tuandike tunapokopeshana na tushuhudishe tunapouziana, ili haki isipotee; wao wameandika na kushuhudisha ili haki ipotee.

Sasa twarudi kwenye suala la pili. Waliposikia haya vijana walisema, dawa ni moja, tuwaache madalali. Na hakika kuuziana bila ya dalali kuna mfano mzuri. Abu Rafi alikuwa na vyumba viwili katika makao ya Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad avinunue. Saad akakataa. Miswar bin Makhrama, aliyekuwapo, akamshikilia anunue. Saad akasema hatazidisha juu ya elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi akamwambia kwamba ameshapewa dinari mia tano na mtu mwingine, taslimu ya mbali kuliko hiyo kwa hisabu ya dirham kumi kwa dinari; ila amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake, na lau si hivyo asingempa. Akampa. (Sisi Mashafi twaifahamu haki hiyo ya kutangulizwa kuwa ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa; Mahanafi wameieneza mpaka kwa jirani. Hapa si mahali pa kulirefusha.) Linalotuhusu ni kwamba mwenye mali alimweleza mnunuzi bei aliyopewa kwingine bila ya kuongeza, mnunuzi akasema uwezo wake, na Miswar akaingia kati bila ya ujira.

Lakini asidhani mtu kwamba akimwondoa dalali ameondoa na kazi. Kazi ibaki, na sasa iko juu ya shingo yake. Mwenye kuuza lazima aseme aibu ya nyumba yake: kisima kilichoingia maji ya chumvi, boriti zilizoliwa na mchwa chini ya lipu mpya, njia ambayo jirani ana haki ya kupita. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uwongo baraka yake hufutwa. Hakumtaja dalali hapo. Amewataja wawili wenyewe.

Na mwenye kununua asitegemee sura ya mtu. Aende akapekue daftari la ardhi kwa msajili, ajue jina lililoandikwa ni la nani na kama nyumba imewekwa rehani. Aulize tena kama auziwa nyumba na ardhi yake, au nyumba peke yake. Kwani katika mitaa mingi ya Mombasa nyumba ni ya mtu na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi, na tumewaona watu kutoka mbali wakitoa akiba ya miaka wakidhani wamenunua ardhi. Aulize kama ni wakfu, na katika hilo asitosheke na neno la mwenye kuuza, aende kwa watu wa Tume ya Wakfu. Wala wasiuziane kwa maneno na mkono wa kheri tu, kwani mahakama za Kenya hazisikizi madai ya mapatano ya ardhi ambayo hayakuandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi.

Na lililo kubwa kuliko yote katika miji yetu ni mirathi. Nyumba ya marehemu babu, haijagawanywa miaka arubaini, mjukuu mmoja anayekaa ndani yake ashika funguo, basi ajiona ndiye mwenye nyumba. Hapa dalali na asiye dalali huangamia sawasawa. Yuko shangazi Lamu, yuko dada aliyeolewa Tanga, yuko mtoto wa marehemu kaka ambaye hajulikani aliko. Wote wana mafungu yao waliyopewa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya Nisaa. Mtu hawezi kuuza ila fungu lake. Na mnunuzi asemaye "mimi sikujua", nasi twamwuliza: ulimwuliza Kadhi? Uliomba kuona hukumu ya mirathi?

Kwa hiyo mwenye elimu ya mambo haya na wakati wa kuyafuata, na auze mwenyewe, na wakili amwandikie. Asiye navyo, kama bibi yetu, amtafute dalali. Lakini ujira utajwe kabla ya mteja wa kwanza kubisha hodi, na uandikwe, na mwenye nyumba na mnunuzi waonane uso kwa uso siku ya bei. Hilo la kuonana peke yake lingemwokoa bibi. Na sheria ya nchi hii ya mwaka 1984 yataka mwenye kufanya kazi ya kuuza nyumba za watu kwa ujira awe amesajiliwa. Basi si kukosa adabu kumwuliza mtu cheti chake. Akija dalali na hadithi ya tajiri wa Nairobi aliyekwisha toa zaidi, naye tajiri huyo hayupo, hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume. Na akichukua ujira kwa pande zote mbili kwa siri, amewakhini wote wawili.

Lakini hatutakuwa waadilifu tukimsema dalali tukajisahau. Tulipokuwa katika mazungumzo haya, mmoja katika sisi, mwenye kukaa mbele na kusoma vizuri, alikiri kwamba miaka iliyopita dalali alimzungusha Kisauni siku saba, kwa nauli ya dalali mwenyewe, akamwonyesha nyumba sita. Ya sita akaipenda. Akamwambia dalali, "Hapana, haikunifaa," kisha usiku akamwendea mwenye nyumba peke yake, wakapatana, wakagawana fungu la dalali baina yao. Wote wawili walijiona werevu. Na huyo dalali mpaka leo humwamkia kwa uso mkunjufu, wala hajui. Mwenzetu alisema, "Nilidhani nimepunguza gharama." Tulimwambia ameingia katika watu waliotajwa na Mtume (S.A.W.) kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa mpinzani wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Amekwenda kumtafuta.

Jawabu letu kwa mwenye suala ni hili. Laki sita ni mali ya shangazi yako. Dalali hakufanya kazi bure, na haki yake haipotei kwa kosa lake: wakae watu wawili wanaoijua kazi hiyo, waseme ujira wa kawaida wa nyumba kama ile ni kiasi gani. Ikiwa ni zaidi ya zile elfu hamsini alizopewa, aongezwe mpaka utimie, kutoka katika hizo laki sita. Kilichobaki akirudishe. Na ule mkataba urekebishwe kwa wakili, uandikwe bei ya kweli, na ushuru uliobaki ulipwe na mnunuzi.

Dalali tulimwita baada ya swala ya Alasiri, naye alikuja, na hilo twamhisabia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema fedha nyingine ameshazitumia katika ada za skuli za watoto. Ameleta laki mbili mbele yetu, na zilizobaki ameomba miezi minane. Bibi amemkubalia, akakataa kumwandikisha rehani. Mnunuzi tumempelekea khabari mara mbili. Mpaka tunapoandika haya hajatujibu.